Dalali Asiye na Dalili: Historia ya Uelekezaji wa Vikoa na Ufichaji wa Viungo katika Biashara ya Kamisheni, Ikitazamwa kutoka Buterere, Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inafuatilia historia ya mbinu mbili za biashara ya kamisheni kwenye intaneti: uelekezaji wa vikoa, ambapo anwani moja humpeleka mteja kwenye anwani nyingine, na ufichaji wa viungo, ambapo mteja hazuiwi kufika bali huzuiwa kujua anapelekwa wapi, na nani, na kwa ujira gani. Mbinu hizi huzungumzwa kama jambo geni lililoletwa na teknolojia. Makala inaonyesha kwamba maswali yake ni ya zamani katika ukanda huu: yalijitokeza katika udalali wa pwani, katika usafirishaji wa mali kupitia Dar es Salaam na Kigoma kwenda Usumbura, na katika biashara ya pembe za ndovu ya miaka ya 1980. Hoja kuu ni kwamba kuelekeza na kuficha ni matendo mawili tofauti, na kwamba sera inayoyachanganya itawaumiza wasio na hatia na kuwaacha wadanganyifu. Mapendekezo yanatolewa kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa kuzingatia mtumiaji wa simu wa mtaa kama Buterere.

1.0 Utangulizi

Buterere ni eneo la kaskazini mwa Bujumbura, katika Ntahangwa, kwenye tambarare inayoelekea Mto Rusizi. Lipo jirani na uwanja wa ndege wa kimataifa, ndipo ulipo mtambo wa kusafisha majitaka ya jiji, na ndipo taka za jiji humwagwa. Kwa muda mrefu limekuwa mahali ambapo mambo ya mji hufikia mwisho wake bila mtu kuuliza yalianzia wapi. Siku hizi sehemu ya biashara inayomfikia mkazi wa huko huja kwa njia ya kiungo kilichotumwa kwenye simu. Kiungo hicho huahidi bidhaa, mkopo, kazi, au nafasi ya kubashiri matokeo ya mechi. Anayekibonyeza huona ukurasa. Haoni anwani alizopitishwa, wala hamjui mtu atakayelipwa kwa sababu yeye amebonyeza.

Utaratibu huo una jina refu la kibiashara, lakini kiini chake ni chepesi: mtu humleta mteja kwa mwenye duka, na mwenye duka humlipa mletaji. Katika makala hii utaitwa biashara ya kamisheni. Uelekezaji ni kitendo cha seva kuiambia simu ya mteja kwamba ukurasa anaoutafuta uko kwenye anwani nyingine. Ufichaji ni kitendo cha kupanga uelekezaji huo, au kuufunika, ili mteja, mwenye duka au mkaguzi asijue njia iliyopitiwa. Istilahi mbili zimechaguliwa kwa makusudi. Katika mazungumzo ya kila siku, na hata katika baadhi ya mijadala ya kisera, mambo haya mawili huunganishwa kuwa kosa moja. Historia inayosimuliwa hapa inaonyesha kwa nini yafaa yatenganishwe.

2.0 Dalali na dalili: kamisheni kabla ya intaneti

Kiswahili kina neno la zamani kwa mtu anayewakutanisha muuzaji na mnunuzi kwa ujira: dalali. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa neno dalili, na maana ya msingi ya mzizi huo ni kuonyesha au kuongoza. Kwa hiyo dalali, kwa asili ya jina lake, ni mwonyeshaji: huonyesha mali ilipo, humwonyesha mnunuzi kwa muuzaji, na yeye mwenyewe huonekana na pande zote mbili. Katika mnada wa pwani ujira wake haukuwa siri. Aliyenunua alijua kwamba mtu anayepaza sauti anakula kutokana na mauzo hayo, na aliyapima maneno yake kwa kuzingatia jambo hilo.

Biashara ya misafara ya karne ya 19 ilirefusha mnyororo huo. Wafadhili wa Zanzibar, kwa mfano Taria Topan, walitoa bidhaa kwa mkopo kwa wafanyabiashara wa bara kama Tippu Tip, nao walirudi na pembe baada ya miezi au miaka. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi ukusanyaji wa ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa miongo kadhaa, hivyo mtu mmoja aliweza kuwa mkopeshaji, wakala na mtoza ushuru kwa wakati mmoja. Mnyororo ulikuwa mrefu na ulijaa dhuluma, na mali yake kubwa mojawapo ilikuwa binadamu. Hata hivyo, kwa upande wa hesabu, kila kiungo cha mnyororo kilikuwa na jina. Hundi ilisafiri kutoka mkono hadi mkono, na kila aliyeipokea aliweza kudaiwa.

Ujiji ulikuwa kituo kikuu cha mtandao huo katika Ziwa Tanganyika, na kutoka huko Kiswahili na biashara vilisambaa kwenye mwambao wa Burundi, hadi Rumonge na Usumbura. Ufalme wa Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908, ulizuia wafanyabiashara wa misafara wasiteke nyanda za juu. Kwa sababu hiyo, biashara ya wageni ilibaki kandokando ya ziwa, na mji uliokuja kuitwa Bujumbura ulikua kama mlango: mahali pa kupitisha mali zaidi ya mahali pa kuzizalisha. Sifa hiyo ya mlango ndiyo inayoufanya mji huu kuwa mahali pazuri pa kuchunguza swali la njia na ufichaji wake.

3.0 Njia mbili za kupitisha mali: Belbase na pembe za ndovu

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Ubelgiji ilipewa usimamizi wa Ruanda-Urundi na Uingereza ikapewa Tanganyika. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914, na mali za Urundi na za mashariki mwa Kongo zilihitaji kupita humo ili kufika baharini. Mkataba wa tarehe 15 Machi 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji uliipa Ubelgiji maeneo ya bandari huko Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Maeneo hayo yaliitwa Belbase. Mali zilizoingia humo zilivuka Tanganyika bila kutozwa ushuru wa forodha, zikiwa na nyaraka zinazotaja zilikotoka na zinakokwenda.

Huu ulikuwa uelekezaji kwa maana kamili. Shehena ya Usumbura haikupelekwa Usumbura moja kwa moja. Ilipokewa katika anwani ya kati, ikaandikwa, ikatumwa mbele. Mpango huo haukuwa wa haki kwa wenyeji. Ulipangwa na wakoloni wawili kwa muda usio na kikomo, na Tanganyika chini ya Julius Nyerere ilikataa kufungwa nao baada ya uhuru wa 1961. Lakini udhaifu wake ulikuwa wa kisiasa. Njia yenyewe haikufichwa. Afisa wa Dar es Salaam, wa Kigoma na wa Usumbura wote waliweza kujua shehena ni ya nani.

Miaka ya 1980 ilileta mfano ulio kinyume. Burundi haikuwa na tembo wa porini wa kuweza kueleza hata sehemu ndogo ya pembe zilizopitia Bujumbura. Pembe zilitoka nchi jirani, zikavuka mpaka, zikapata nyaraka mpya, na kutoka hapo zikaingia katika soko la dunia kama mali ya Burundi. Mwaka 1985, wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, walikubaliana kuhusu mfumo wa mgao wa pembe. Katika utekelezaji wake, maghala yaliyokuwa nje ya mfumo yaliruhusiwa kusajiliwa. Karibu tani 90 zilizokuwa Burundi zilisajiliwa kwa njia hiyo, ilhali Burundi yenyewe ilijiunga na mkataba mwaka 1988 tu. Oktoba 1989, katika mkutano wa Lausanne, tembo wa Afrika alihamishiwa katika orodha inayozuia biashara ya kimataifa, na marufuku ikaanza kutumika Januari 1990.

Ulinganisho wa mifano hii miwili ndio msingi wa hoja ya makala. Katika Belbase mali ilipitia anwani ya kati na asili yake ikabaki nayo. Katika biashara ya pembe mali ilipitia anwani ya kati ili asili yake ipotee. Barabara, maghala na hata mihuri huenda vilifanana. Kilichotofautiana ni dalili: je, mtu wa mwisho katika mnyororo aliweza kujua mali imetoka wapi na nani amefaidika? Mfano wa pembe unafundisha jambo la pili pia. Mfumo uliobuniwa kudhibiti ulipokubali kusajili kilichokwisha kufichwa, usajili wenyewe ulikuwa ndio kitakaso. Onyo hilo litahitajika mbele, katika mjadala wa usajili wa vikoa.

4.0 Julai 1996

Biashara ya kamisheni kwenye intaneti ilizaliwa Marekani katika miaka ambayo Burundi ilikuwa vitani. Vipande vyake vilikuja kimoja kimoja. Mwaka 1994 Lou Montulli wa kampuni ya Netscape alibuni kidakuzi, yaani alama ndogo ambayo tovuti huiacha ndani ya kivinjari ili imtambue mgeni akirudi. Mwaka huohuo duka la muziki la CDNow lilianza kuwalipa wenye tovuti waliowapelekea wateja. Mei 1996 Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Henrik Frystyk walichapisha waraka RFC 1945, ulioeleza itifaki ya HTTP/1.0. Ndani yake zimo namba mbili ambazo bado zinaendesha biashara hii: 301, inayosema ukurasa umehamia kwingine moja kwa moja, na 302, inayosema umehamia kwa muda. Julai 1996 Amazon ilifungua mpango wake wa washirika, na Februari 2000 ikapewa hataza ya mfumo huo.

Julai hiyohiyo, tarehe 25, Pierre Buyoya alitwaa madaraka Bujumbura kwa mapinduzi. Siku sita baadaye nchi jirani, zikikutana Arusha, ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi, ambavyo havikusimamishwa hadi Januari 1999. Mipaka ilifungwa rasmi, na bidhaa ziliendelea kuingia kwa njia za pembeni, kwa bei ya juu. Kikoa cha nchi, .bi, kilisajiliwa mwaka huohuo wa 1996. Kwa jirani wa magharibi jina lenyewe la nchi lilielekezwa upya: Zaire ilipogeuka kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 1997, kikoa cha .zr kilianza kupisha .cd, na mwaka 2001 kiliondolewa kabisa.

Mfuatano huu wa tarehe haumaanishi kwamba tukio moja lilisababisha jingine. Unaonyesha nafasi ambayo wakazi wa Bujumbura waliingilia katika historia hii. Kanuni za msingi za kuelekeza wateja na kuhesabu kamisheni ziliandikwa wakati ambapo mji huu haukuwa na uhuru hata wa kupokea mafuta ya taa kwa njia ya kawaida. Nyaya za bahari zilifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, kwa SEACOM na TEAMS, na 2010 kwa EASSy. Mkongo wa ndani wa Burundi ulifuata katika muongo huo. Mtumiaji wa Buterere alipofika mtandaoni, mchezo ulikuwa na sheria zake tayari, na wachezaji waliokwisha kujifunza kuzikwepa.

5.0 Kutoka kuelekeza hadi kuficha

Ni muhimu kueleza jinsi kiungo cha kamisheni kinavyofanya kazi. Mshirika hupewa kiungo chenye namba yake ya utambulisho. Mteja akikibonyeza, hupelekwa kwanza kwenye seva inayohesabu, ambayo huandika namba hiyo, huacha kidakuzi, kisha humwelekeza mteja dukani. Akinunua ndani ya muda uliowekwa, duka hulinganisha alama na kumlipa mshirika. Uelekezaji hapa ndio ushahidi wa kazi ya dalali. Bila huo hana la kudai.

Sababu za kwanza za kukifunika kiungo zilikuwa za kawaida. Viungo vilikuwa virefu na vilikatika katika barua pepe. Wapo walioiondoa namba ya mshirika na kuweka yao, wakala kamisheni ya jasho la mwingine. Mshirika aliyehama kutoka duka moja kwenda jingine alitaka kubadilisha mwelekeo mahali pamoja bila kurekebisha kurasa mamia. Kwa hiyo watu walianza kutumia anwani fupi za vikoa vyao wenyewe zinazoelekeza kwenye kiungo halisi. Huduma ya TinyURL ilianza mwaka 2002, na bit.ly mwaka 2008.

Sambamba na hilo ulikua ufichaji wa aina nyingine. Kivinjari cha Netscape Navigator 2.0 cha mwaka 1996 kilileta fremu, zilizowezesha ukurasa wa tovuti moja kuonyeshwa ndani ya anwani ya nyingine. Februari 1997 gazeti la Washington Post na vyombo vingine vya habari viliishtaki kampuni ya Total News kwa kuziweka kurasa zao ndani ya fremu iliyozungukwa na matangazo yake. Shauri lilimalizwa kwa maelewano Juni mwaka huo. Msomaji aliamini yuko mahali pamoja, kumbe yuko pengine, na anayelipwa ni wa tatu.

Hatua mbaya zaidi ilikuwa kuelekeza bila mtu kubonyeza. Mwaka 2008 eBay iliwashtaki Shawn Hogan na Brian Dunning, waliokuwa miongoni mwa washirika wake wakubwa, kwa kupachika vidakuzi vya kamisheni katika vivinjari vya watu ambao hawakuwa wamebonyeza kiungo chochote cha eBay. Mtu hao akinunua baadaye kwa hiari yake, wao walilipwa kana kwamba walimleta. Mwaka 2014 mahakama ya Marekani ilimhukumu Hogan kifungo cha miezi mitano na Dunning miezi kumi na mitano. Kesi hii ni muhimu kwa sababu ilionyesha kwamba anayeibiwa si mnunuzi peke yake. Mwenye duka alilipa ujira wa kazi isiyofanyika, na mshirika mwaminifu ambaye alama yake ilifutwa na ile iliyopachikwa alipoteza haki yake.

Tangu hapo ufichaji umekuwa ukihama kila unapozuiwa. Januari 2009 Microsoft iliweka katika Internet Explorer 8 njia ya tovuti kukataa kuwekwa ndani ya fremu. Machi 2020 Safari ilianza kuzuia vidakuzi vyote vya watu wa tatu. Wahesabu kamisheni na matangazo wakahamia katika mfumo wenyewe wa majina ya vikoa: tawi la kikoa cha duka hufanywa jina la utani la seva ya mtu mwingine, na kivinjari huamini kwamba kinazungumza na duka. Novemba mwaka huohuo Apple ililazimika kuwekea mbinu hiyo kikomo. Kwa maneno mengine, kilichofichwa mwanzoni kilikuwa kiungo. Sasa hufichwa jina la mji mzima.

Afrika haikuwa mtazamaji tu katika hatua hii. Vikoa vya nchi kadhaa za bara hili, vikiwemo .ga vya Gabon, .ml vya Mali na .cf vya Jamhuri ya Afrika ya Kati, vilikabidhiwa kampuni ya Freenom, iliyovigawa bure. Majina yasiyo na gharama yalifaa mno kwa kuelekeza na kutupa. Gabon na Mali zilirudisha usimamizi wa vikoa vyao mwaka 2023. Kampuni ya Meta iliifungulia Freenom mashtaka, na Februari 2024 Freenom ilitangaza kuachana na biashara ya vikoa. Mamilioni ya majina yaliyobeba alama ya Gabon hayakuwa na uhusiano wowote na Gabon. Hapa funzo la pembe linarudi: msajili anayetoa cheti bila kuuliza humpa mwenye kuficha jina la nchi nzima ajifunike nalo.

6.0 Gharama inayolipwa Buterere

Athari za historia hii kwa mtumiaji wa mtaa wa kipato cha chini ni za aina tatu.

Ya kwanza ni gharama ya njia yenyewe. Kiungo kinachopitia anwani nne kabla ya kufika dukani huilazimu simu kutafuta majina manne, kufungua miunganisho minne na, kwa kawaida, kukubaliana usimbaji mara nne. Kila safari hutoka Bujumbura, hupita katika nchi jirani hadi baharini na kurudi. Kwa mtu mwenye intaneti ya kasi hiyo ni sehemu ya sekunde. Kwa mtu anayenunua kifurushi kidogo cha siku, ni subira na fedha, na hulipwa na yeye peke yake. Kamisheni huenda kwa wengine.

Ya pili ni kupotea kwa uwezo wa kupima neno. Mkazi wa Buterere anayetumiwa kiungo na jamaa au jirani hukipokea kama ushauri wa jamaa. Endapo jamaa huyo analipwa, ushauri huo ni udalali, na hakuna ubaya mradi ijulikane. Endapo kiungo kimefunikwa, mpokeaji hupoteza ile dalili aliyokuwa nayo mnunuzi wa mnadani, ya kumwona anayepaza sauti. Kinachoharibika hapo ni imani kati ya watu wanaofahamiana, ambayo ni mtaji mkubwa kuliko kamisheni yoyote.

Ya tatu humpata dalali mdogo. Kijana anayesambaza viungo vya duka la mbali hana njia ya kuthibitisha ni wateja wangapi aliowapeleka. Alama yake inaweza kufutwa na mwingine katikati ya njia bila yeye kujua. Mipango mikubwa ya kimataifa hulipa kwa akaunti za benki, hundi au kadi za zawadi, ilhali fedha za mtaani Bujumbura hupita zaidi katika simu, kwa huduma kama Lumicash na EcoCash. Isitoshe, duka lenyewe linaweza kuondoka. Jumia ilipofunga biashara yake ya mtandaoni Tanzania Novemba 2019, viungo vilivyokuwa vimesambazwa kwa ajili yake vilibaki bila bidhaa mbele yake. Aliyevisambaza hakuwa na mkataba wa kumtetea.

Pamoja na hayo, historia ya karibuni ya Bujumbura inatoa sababu nzito ya kutolaani uelekezaji. Oktoba 2017 tovuti ya gazeti la Iwacu ilizuiwa ndani ya Burundi. Shirika la Wanahabari Wasio na Mipaka liliiwekea nakala kwenye anwani nyingine, na wasomaji wakaendelea kusoma kwa kupitia huko hadi kizuizi kilipoondolewa mwanzoni mwa 2022. Kiufundi, nakala hiyo ilitumia ukweli uleule unaotumiwa na mfichaji wa viungo: kwamba maudhui ya anwani moja yanaweza kupatikana kwa nyingine. Lakini msomaji alitangaziwa wazi anakwenda wapi, na alichokikuta ndicho alichokitafuta. Sheria ambayo ingefanya uelekezaji kuwa kosa ingemgusa mchapishaji huyu kabla ya kumgusa mdanganyifu mmoja.

7.0 Mapendekezo ya kisera

Msingi wa kisheria upo tayari. Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2014 na kuanza kutumika Juni 2023, unataka tangazo la kielektroniki litambulike kuwa ni tangazo, na unazuia kumficha mtu ambaye tangazo linatolewa kwa niaba yake. Burundi ilipitisha sheria yake ya makosa ya mtandao mwaka 2022, Kenya mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2015. Mkazo wa sheria hizi ni udanganyifu, uvamizi wa mifumo na maudhui; uhusiano kati ya dalali, duka na mnunuzi unahitaji kushughulikiwa kama suala la biashara na haki za mlaji. Mapendekezo manne yanafuata.

Kwanza, kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zitofautishe kuelekeza na kuficha. Kosa lisiwe kumpitisha mteja katika anwani nyingine; liwe kumzuia asijue anwani ya mwisho na mfaidika kabla hajatoa fedha au taarifa zake.

Pili, tamko la kamisheni litolewe kwa lugha ya mpokeaji. Tume ya Biashara ya Marekani ilianza kudai matamko ya aina hii kwa waandishi wa mtandaoni mwaka 2009, lakini tamko la Kiingereza chini ya ukurasa halimsaidii mtu wa Buterere. Sentensi moja inatosha: Ukinunua kupitia kiungo hiki, aliyekutumia atalipwa kamisheni. Kazi ya kuisanifu sentensi hiyo kwa Kiswahili na Kirundi, iwe fupi na isiyo na tafsiri mbili, ni ya wataalamu wa lugha.

Tatu, wasajili wa .bi, .ke, .rw, .tz, .ug na .cd wakubaliane kutunza kumbukumbu za wenye vikoa na kuwa na dawati la kupokea malalamiko ya kuelekezwa kwa hila. Kumbukumbu hizo zisiwe wazi kwa kila mtu, na kufunguliwa kwake kutegemee amri ya mahakama, ili dawati hilo lisigeuzwe kuwa chombo cha kuwasaka waandishi. Lengo ni kutorudia kosa la 1986, ambapo usajili bila maswali ulihalalisha kilichofichwa.

Nne, duka linalowatumia madalali wa kanda hii liwape kumbukumbu za wateja waliowaleta kwa namna inayosomeka, na liwe na njia ya kulipa kwa simu. Dalali anayeweza kuona hesabu yake hana haja kubwa ya kuficha kiungo ili kuilinda.

8.0 Hitimisho

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Methali hiyo inachukulia kwamba mbingu iko wazi kwa kila mtu kuitazama. Katika soko lililoelezwa hapa mbingu imefunikwa, na aliyeifunika analipwa kwa mvua inayonyesha. Historia iliyofuatiliwa, kutoka mnada wa pwani hadi Belbase, kutoka maghala ya pembe hadi namba 301 na 302, inaonyesha kwamba watu wa ukanda huu hawajapata kuwa na tatizo na njia ndefu wala na ujira wa mwonyeshaji. Tatizo limekuwa ni njia isiyo na kumbukumbu na mwonyeshaji asiye na uso.

Sera itakayofaa ni ile itakayomrudishia dalali dalili yake: kiungo kinachosema kinakokwenda, jina linaloweza kudaiwa, na hesabu inayoweza kusomwa na pande zote. Kwa mchumi wa wizara hilo ni suala la uwazi wa soko. Kwa mkazi wa Buterere mwenye kifurushi cha siku moja, ni suala la kujua, kabla hajabonyeza, anampelekea nani fedha yake.